Je, wajua? Kipande cha mahameli kilivyoonyesha kwamba usugu hutangulia dawa

Ukiwapaka bakteria milioni nyingi kwenye sahani yenye streptomisini, dawa ya kuua bakteria, karibu wote hufa na wachache mno husalia. Je, hao wachache walizoea dawa baada ya kukutana nayo, au walikuwa sugu tangu mwanzo? Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück, waliofanya majaribio yao kwa virusi vinavyoua bakteria, walijibu kwa takwimu kwamba usugu hutangulia. Wengine hawakushawishika, mkemia Mwingereza Cyril Hinshelwood aliendelea kushikilia kwamba seli hujirekebisha. Ugumu ulikuwa huu: kumtambua bakteria sugu lazima umpe dawa, na ukishampa, nani atathibitisha alivyokuwa kabla?

Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1952 na Esther Lederberg, mzaliwa wa Bronx, New York, pamoja na mumewe Joshua, wakiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Kifaa chao kikuu kilikuwa kitambaa.

Chukua mahameli ya pamba yenye nyuzi fupi zilizosimama, uikate mraba, uitakase kwa mvuke wa nyuzijoto 121, kisha uitandaze juu ya kitako cha mviringo kinachoingia ndani ya sahani ya Petri. Geuza sahani mama, yenye koloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) zilizokwisha kuota, uigandamize juu ya kitambaa polepole. Kila uzi huchota seli chache, na kitambaa kinakuwa muhuri wa koloni zote mahali pake. Sasa gandamiza juu yake sahani mpya, moja isiyo na dawa na nyingine yenye dawa, uziweke kwenye nyuzijoto 37 hadi kesho yake.

Kazi huharibika kwa mambo madogo. Agari, yaani ute mgumu wanamoota bakteria sahanini, ikiwa mbichi, koloni huchuruzika na kuchanganyika, ndiyo maana sahani hukaushwa kwanza. Ukibonyeza kwa nguvu unahamisha seli nyingi kupita kiasi, na rundo la seli zilizokufa laweza kuonekana kama koloni hai. Kosa linaloudhi kuliko yote ni kusahau kutia alama ukingoni mwa kila sahani: koloni unaziona, lakini hujui ipi inalingana na ipi.

Uzito wa jaribio uko kwenye hatua ya pili. Sahani kadhaa zenye dawa, zilizopigwa chapa kutoka sahani mama ileile, zilitoa koloni sugu mahali palepale. Kama dawa ndiyo ingekuwa inazalisha usugu, koloni hizo zingetawanyika ovyo. Esther na Joshua walirudi kwenye sahani mama, wakachota seli za mahali hapo tu, wakazikuza na kurudia. Kila mzunguko uliongeza sehemu ya seli sugu, hadi wakapata kundi sugu ambalo halikuwa limegusana na dawa hata mara moja. Kwa hiyo dawa huchagua waliokwisha kuwa sugu, haiwafundishi.

Esther alikuwa na makubwa mengine. Ndiye aliyegundua lambda, virusi vilivyojificha ndani ya DNA ya K-12, aina ya bakteria *E. coli* inayotumiwa maabara, akachapisha taarifa yake mwaka 1951. Alikuwa amewapiga bakteria mionzi ya urujuanimno. Baadhi ya uzao wao ulipoteza virusi hivyo, na ulipochanganywa na K-12 wa kawaida, vitobo vya seli zilizokufa vilijitokeza. Alishiriki pia kugundua F, kipengele kinachomwezesha bakteria kumpa mwenzake jeni kwa kugusana. Hata hivyo Nobeli ya 1958 ilimtaja Joshua, pamoja na George Beadle na Edward Tatum. Yeye hakutajwa, na kwa mtu aliyesoma kazi zenyewe ni vigumu kuitetea hukumu hiyo.

Kuanzia 1976 hadi 1986 aliongoza Kituo cha Marejeo ya Plasmidi, Stanford. Plasmidi ni viduara vya DNA, na F ni mojawapo. Nyingi hubeba jeni za usugu na kuzisambaza toka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa spishi tofauti. Kituo kiliziorodhesha, kikatunza sampuli na kugawa namba za majina, maabara za nchi mbalimbali zisije zikaita vitu viwili kwa jina moja.