Mlo mbichi au punje kavu kwa mbwa: jua kwanza kazi unayojitwisha

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha usalama wa vyakula vya wanyama yameongezeka, na mengi yana sura mbili. Ya kwanza ni ya mbwa aliyebadilishiwa chakula jana, leo anaharisha, na mwenyewe anataka kiwanda kifungwe. Ya pili inaniuma zaidi. Mfugaji ameacha punje kavu, yaani chakula kikavu cha mbwa cha kiwandani, kwa kuambiwa ni takataka, akamlisha mtoto wa mbwa nyama mbichi peke yake kwa miezi miwili mitatu, na sasa mbwa anachechemea. Akipigwa picha ya eksirei, mifupa yake haionekani vizuri.

Wote wawili wanawapenda mbwa wao, sina shaka na hilo. Wa kwanza nimjibu haraka: chakula hubadilishwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi, cha zamani kikipungua na kipya kikiongezeka. Ukikibadilisha kwa siku moja, mbwa anaweza kuharisha hata kama vyakula vyote viwili ni vizuri. Huyu wa pili anahitaji maelezo marefu.

Tunaulizwa kila mara kipi ni bora, kibichi au kikavu. Chakula kamili cha kiwandani huja na kazi mbili zilizokwisha kufanywa: kuna mtu aliyekokotoa virutubisho, na kuna moto uliopita juu ya vijidudu. Ukichagua mlo mbichi wa kuutengeneza mwenyewe, kazi zote mbili zinahamia jikoni kwako. Kama unaweza kuzifanya, tuzungumze. Kama huwezi, au hukujua kwamba zipo, usianze.

Tuanze na hesabu. Nyama tupu isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, mara 15 au hata 20. Mbwa anahitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi, wala isiyozidi maradufu yake. Kalsiamu inapokosekana mloni, tezi ndogo zilizo shingoni huichota kutoka kwenye mifupa ili damu isipungukiwe. Kwa mtoto wa mbwa anayekua, mifupa hulainika, hupinda, na huvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Mfugaji hutuambia kwa uchungu, "Lakini nilimpa nyama safi, tena ya bei." Usafi wa nyama hauongezi kalsiamu.

Wengine wakisikia haya hukimbilia kumwaga unga wa mifupa kwa kukadiria. Nako kuna hatari, hasa kwa watoto wa mbwa wa jamii kubwa. Katika miezi ya mwanzo utumbo wao hauwezi kuizuia vizuri kalsiamu iliyozidi, na viungo vyao huharibika kwa ziada kama ambavyo vingeharibika kwa upungufu. Ndiyo maana viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani ambacho viwango vyake hutumika sana duniani, vimeweka kikomo cha asilimia 1.8 ya kalsiamu katika uzito mkavu, yaani maji yakiwa yameondolewa, wa chakula cha watoto wa jamii hizo. Huwezi kukipata kikomo hicho kwa kijiko. Maini nayo yakizidi huleta vitamini A kupita kiasi, na nyama ya koo ikija na tezi ya thairoidi ndani yake (si zile ndogo za kalsiamu) humwingizia mbwa homoni ambazo mwili wake haukuziomba.

Hapa ndipo huwa naletewa hoja ya mbwamwitu: mbwa ni mbwamwitu wa nyumbani, kwa hiyo ale kama mbwamwitu, na nafaka ni sumu kwake. Hoja hii imetuchosha, lakini nitaijibu tena. Utafiti wa vinasaba ulioongozwa na wanasayansi wa Sweden na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwamwitu ana nakala 2 tu za jeni la kimeng'enya kinachovunja wanga, ilhali mbwa waliopimwa walikuwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Maelfu ya miaka ya kuishi na binadamu yamembadilisha mbwa hadi ndani ya seli zake. Mbwa hula nafaka iliyopikwa na kuimeng'enya vizuri. Wala chakula kisicho na nafaka si lazima kiwe salama zaidi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu ugonjwa wa misuli ya moyo kwa mbwa waliokuwa wakila vyakula vya aina hiyo, vingi vikiwa na njegere na dengu kwa wingi. Hadi mwisho wa 2022 ilikuwa haijapata ushahidi wa kutosha kusema chakula ndicho chanzo. Sikuambii uogope njegere. Nakuambia neno "bila nafaka" kwenye mfuko si cheti cha ubora.

Kazi ya pili ni vijidudu. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2018 walichapisha matokeo ya vipimo vya bidhaa 35 za mlo mbichi uliogandishwa, zilizonunuliwa madukani kama kawaida. Bidhaa 7 zilikuwa na bakteria wa salmonela, 19 zilikuwa na aina ya bakteria wa listeria inayosababisha ugonjwa kwa watu, na 28 zilikuwa na bakteria wa koli (E. coli) wenye usugu kwa dawa muhimu za antibayotiki. Bidhaa hizo zilitoka kwenye friza, na nawaomba msome sentensi hii mara mbili. Kugandisha hakuui bakteria, huwalaza tu. Kunaweza kuua baadhi ya vimelea kama baridi ni kali na siku zinatosha, lakini nyama ikiyeyuka salmonela huendelea pale ilipoishia.

Wengine hunijibu, "Tumbo la mbwa lina asidi kali, halidhuriki." Mara nyingi ni kweli kwamba mbwa mwenyewe haugui. Lakini katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2007, mbwa 16 walilishwa mlo mbichi wenye salmonela, na 7 kati yao waliitoa salmonela hiyo kwenye kinyesi bila dalili yoyote. Mbwa huyo huyo hulamba manyoya yake, kisha hulamba uso wa mtoto. Ofisi yetu hailindi mbwa peke yake. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu haifai kuwa na mlo mbichi wa mbwa, na hapo sina nafasi ya majadiliano.

Matumbo na maini mabichi nitayatenga peke yake, kwa sababu ya tegu mdogo anayesababisha ugonjwa wa haidatidi. Kondoo au mnyama mwingine aliyeambukizwa huwa na vifuko vya maji kwenye maini na mapafu. Mbwa akila viungo hivyo vikiwa vibichi, tegu hukomaa ndani ya utumbo wake na mayai hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza, vifuko huota ndani ya maini au mapafu yake na hukua kwa miaka kabla ya kuonekana. Iceland ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoteseka zaidi katika karne ya 19. Ilianza kampeni ya kuelimisha wananchi kwa kijitabu kilichogawiwa majumbani, ikafuatisha sheria, na ugonjwa ukatokomezwa. New Zealand nayo ilipiga marufuku kuwalisha mbwa viungo hivi vikiwa vibichi, ikawatibu mbwa kwa miongo mingi, na mwaka 2002 ikajitangaza kuwa huru kwa masharti. Maini yasiyopitia ukaguzi wa machinjioni asipewe mbwa. Yaliyokaguliwa pia yapikwe.

Kupika ndiyo njia ya tatu, na wabishani wa pande zote mbili huisahau. Nyama ikifika nyuzi joto 74 katikati, salmonela imekufa. Hesabu ya kalsiamu inabaki pale pale, kwa hiyo daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa lishe akuandikie mchanganyiko. Mifupa tu ndiyo isipikwe, maana hupasuka vipande vikali. Hata mibichi huvunja meno na kuziba utumbo.

Msinielewe kwamba punje hazina makosa. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni makosa hayo. Mwaka 2007, gluteni ya ngano iliyotoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ili kipimo cha protini kionekane kikubwa, kwa kuwa maabara hupima naitrojeni, na mbwa na paka wa Amerika Kaskazini wakafa kwa figo. Kati ya 2006 na 2008 watu 79 nchini Marekani waliugua salmonela iliyofuatiliwa hadi kwenye punje za mbwa. Moto wa mashine huua vijidudu, lakini baadaye punje hunyunyiziwa mafuta na ladha, na kiwanda kichafu huweza kuzichafua upya hapo. Mwishoni mwa 2020 punje zenye sumukuvu ziliondolewa sokoni Marekani, na hadi Januari 2021 taarifa za mbwa zaidi ya 110 waliokufa zilikuwa zimeifikia mamlaka. Sumukuvu hutoka kwenye ukungu wa mahindi na nafaka nyingine, hushambulia ini, na kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo lebo isomwe. Tafuta neno "chakula kamili" na umri wa mbwa kinayemfaa. Kilichoandikwa "cha nyongeza" hakiwezi kuwa mlo wake wa kila siku. Usilinganishe protini ya kikavu na ya kibichi kwa kutazama namba tu. Ondoa maji kwanza. Punje zenye maji asilimia 10 na protini 24: gawanya 24 kwa 90, upate karibu 27. Mlo mbichi wenye maji asilimia 70 na protini 12: gawanya 12 kwa 30, upate 40. Kiwango cha chini cha AAFCO kwa mbwa mzima ni 18, na kwa anayekua ni 22.5, vyote katika uzito mkavu.

Sasa namba ya toleo, ile iliyochapwa kwenye mfuko kutambulisha shehena uliyotoka. Wafugaji humimina punje kwenye ndoo na kutupa mfuko siku hiyo hiyo. Mbwa akiugua wiki ya tatu, tunaletewa ndoo. Bila namba ya toleo hatuwezi kujua siku ya uzalishaji, bila siku hatuwezi kuzuia shehena, na bila shehena hakuna mashtaka. Weka punje ndani ya mfuko wake, na mfuko ndani ya ndoo. Mkaguzi akithibitisha toleo huchukua sampuli. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa chakula kibichi, kwa mfano, hutaka sampuli 5 za gramu 25, na salmonela ikionekana kwenye moja tu, toleo zima limeanguka. Sheria hutofautiana baina ya nchi, lakini mfuatano unafanana: mzigo huzuiwa, huondolewa sokoni, mara nyingi huteketezwa kwa gharama ya mwenyewe, kibali husimamishwa, na aliyeficha taarifa hupelekwa mahakamani. Katika nchi nyingi, anayefungua mifuko na kuuza punje za kupima bila lebo huwa amevunja sheria hata kama punje zake ni nzima.

Ukishuku chakula, acha kukitumia lakini usikitupe. Funga kilichobaki ndani ya mfuko wake, andika tarehe ulipoufungua na siku dalili zilipoanza, na utunze risiti. Mbwa akifa, usimzike kabla ya kuzungumza na daktari wa mifugo. Mwili uwekwe penye baridi lakini usigandishwe, kwa sababu barafu huharibu tishu za ini na figo, na humo ndimo tunamotafuta jibu lako.