Sharti la asilimia 25: kwa nini kura za nyumbani hazitoshi

Mahali ambapo kila jamii ina "mtu wetu", uchaguzi wa rais huwa ni kuhesabiana tu. Jamii kubwa mbili tatu zikipatana, mambo yamekwisha, na waliobaki wataambiwa wangoje zamu yao. Sharti la mtawanyiko wa kura liliwekwa kulizuia hilo. Linasema hivi: anayetaka urais asipate kura nyingi tu, azipate pia pande nyingi za nchi.

Nchini Kenya sharti hili limo katika kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na papo hapo apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo anahitaji 24.

Uzito wa sharti umo katika hizo 24, maana hapo kaunti ni kaunti. Lamu ina wapiga kura wasiofika laki moja, Nairobi ina zaidi ya milioni mbili, lakini kwa hesabu hii kila moja ni moja. Ndiyo sababu wagombea hupanda ndege kwenda Garissa, Isiolo au Lamu, kuliko na kura chache kuliko mitaa kadhaa ya jiji. Utamwona mtu aliyezaliwa mlimani amevishwa kanzu na kofia pwani, wiki inayofuata yuko Turkana anawaamkia watu kwa lugha aliyofundishwa garini, anakosea, wanacheka, wanampigia makofi. Kuna unafiki humo, sikatai. Lakini mgombea anayehitaji robo ya kura za Turkana hawezi kupanda jukwaani kwake akawatukana Waturkana, na hilo si jambo dogo.

Nigeria ndiyo iliyotangulia. Baada ya vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970, katiba yao ya 1979 ilidai robo ya kura katika angalau theluthi mbili za majimbo. Majimbo yalikuwa 19. Katika uchaguzi wa mwaka huo mgombea Shehu Shagari alifikisha robo katika majimbo 12, na Kano, ambayo ingekuwa ya 13, ikapungua. Basi theluthi mbili ya 19 ni ngapi? Ni 12 na theluthi mbili, na mawakili wakabaki kubishania theluthi mbili za jimbo zima la Kano. Mpinzani wake, Obafemi Awolowo, alipeleka kesi, na Mahakama ya Juu ikampa Shagari ushindi.

Kenya iliingia kwa mlango mwingine, na historia yenyewe si ya kujivunia. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa Desemba 1991, katiba ilirekebishwa kabla ya uchaguzi wa 1992: mshindi awe na asilimia 25 katika angalau mikoa mitano kati ya minane. Nusu ya kura zote haikudaiwa. Upinzani ulikuwa umegawanyika kati ya Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, kila mmoja na ngome yake, na Daniel arap Moi akarudi ikulu na takriban asilimia 36 tu. Kwa maoni yangu, sharti la wakati ule lilikuwa ngao ya aliyekuwa madarakani kuliko dawa ya ukabila. Upinzani ulilielewa somo hilo miaka 10 baadaye, Raila Odinga alipotamka "Kibaki tosha" na vigogo wa jamii mbalimbali wakaingia chini ya mwavuli mmoja, muungano wa vyama ulioitwa NARC. Kibaki alishinda kwa zaidi ya asilimia 60.

Mwavuli huo haukudumu. Mapatano ya kugawana madaraka hayakutimizwa, kura ya maoni ya 2005 kuhusu rasimu ya katiba ikawapanga watu upande wa chungwa, walioikataa, na upande wa ndizi, walioiunga mkono, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Baada ya jeraha hilo, Katiba ya 2010 ikaja na sharti la nusu ya kura zote. Kisha 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao jamii zao zilikuwa zimepigana Bonde la Ufa, walisimama pamoja na kushinda kwa asilimia 50.07.

Basi sharti linafanya kazi? Ndiyo, ila linamfikia kigogo kabla ya kumfikia mwananchi. Kigogo hulazimika kutafuta kigogo mwenzake, huyu anakuja na kura za watu wake katika kapu moja, na mazungumzo yanakuwa ya nani atapata wizara gani. Jamii zinaunganishwa na mkataba wa watu wachache, na mkataba ukivunjika ngazi ya juu, chuki hurudi chini. Naibu Rais Rigathi Gachagua alipozungumzia serikali kama kampuni yenye wenye hisa, alikuwa anasema wazi kile ambacho wengi hukiwaza. Matamshi hayo yalikuwa miongoni mwa mashtaka yaliyomwondoa madarakani Oktoba 2024.

Tena sharti hili ni la urais peke yake. Mbunge, gavana na mwakilishi wadi hawadaiwi mtawanyiko wowote, na huko chini ukoo ndio unaohesabiwa. Katika baadhi ya kaunti za kaskazini wazee hugawa viti baina ya koo kabla hata ya kampeni kuanza. Ajira zina kanuni yake: sheria ya serikali za kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi wazi za ngazi ya kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka jamii kubwa ya kaunti hiyo.

Na asipopatikana wa kutimiza masharti yote mawili? Wawili wa mbele hurudi kwa wapiga kura ndani ya siku 30. Katika raundi hiyo asilimia 25 haidaiwi tena wala nusu haitajwi, mwenye kura nyingi ndiye rais. Kenya haijawahi kufika huko.