Tani ya meli si mzigo wake

MV Mwanza, meli iliyojengwa kwa ajili ya Ziwa Victoria, imetangazwa kuwa na uzito wa tani 3,500 na uwezo wa kubeba tani 400 za mizigo. Namba hizo mbili zilitolewa pamoja, lakini mitaani imebaki moja, ile kubwa, na mara kwa mara nasikia kwamba meli hiyo inabeba tani 3,500. Makosa hayohayo husemwa kuhusu meli za Pemba na vivuko vya Ukerewe na Mafia. Tena humrudia karani wa bandari, anayeitwa mwizi kwa kuandika tani kumi kwenye gari lenye uzito wa tani moja.

Kwa ufupi, katika usafiri wa majini neno tani lina maana nne. Kuna uzito wa meli nzima na vyote vilivyomo, yaani uzito wa maji inayoyasukuma kando ikielea. Kuna uzito wa vyote inavyoruhusiwa kupakia. Kuna tani za usajili, ambazo ni ukubwa wa nafasi iliyozibwa ndani ya meli. Na kuna tani ya nauli, ambayo karani huitumia kutoza mzigo. Mbili za kwanza ni uzito. Ya tatu si uzito kabisa. Ya nne hubadilika kulingana na mzigo wenyewe.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoleta mkanganyiko, na chanzo chake ni cha zamani sana. Katika karne za kati, meli zilizopeleka mvinyo Uingereza kutoka Ufaransa zilitozwa kodi kwa idadi ya mapipa makubwa ziliyobeba. Pipa moja lilichukua galoni 252 za mvinyo, zaidi ya lita 950, na likijaa lilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Kwa hiyo ukihesabu mapipa, ulikuwa unapima nafasi na uzito kwa pamoja, na hapakuwa na haja ya kuvitenganisha. Wenye majahazi ya Ghuba ya Uajemi nao walikisia ukubwa wa chombo kwa idadi ya makanda ya tende yanayoenea ndani yake. Kipimo cha namna hiyo kinafaa sana maadamu kila chombo kinabeba tende, au kila chombo kinabeba mvinyo.

Siku meli zilipoanza kubeba pamba, makaa, abiria na mashine, hesabu hiyo ikaharibika. Mwaka 1854 sheria ya Uingereza ikachukua utaratibu wa George Moorsom: pima nafasi ya ndani ya meli, kisha kila futi za ujazo 100 ziite tani moja. Hapo ndipo tani ya usajili ilipoachana kabisa na kilo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, ulioanza kutumika 1982, ukaenda mbali zaidi: siku hizi ujazo wote wa meli huingizwa kwenye fomula, na jibu lake ni namba tupu, si kilo wala mita. Inatumika kupangia ada za bandari, idadi ya mabaharia na kanuni zinazoihusu meli. Meli ya abiria yenye sitaha nyingi zilizozibwa inaweza kuwa na namba kubwa sana hapo na bado ikabeba mzigo kidogo.

Hata ile tani ya pili, ya vyote vinavyopakiwa, haipaswi kusomwa kama tani za mzigo. Ndani yake kuna mafuta ya injini, maji ya kunywa, chakula, mabaharia, abiria na mabegi yao. Abiria mia moja wenye kilo 75 kila mmoja ni tani saba na nusu kabla hujapandisha hata gunia moja. MV Nyerere, kivuko kilichokuwa kikivusha watu kati ya Bugolora na kisiwa cha Ukara, kiliruhusiwa abiria 101 na tani 25 za mizigo. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kilipakia watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo pamoja na mizigo yao, kikapinduka karibu na gati la Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Ndiyo maana siwezi kulichukulia suala hili kuwa ubishi wa maneno. Anayeamini kwamba chombo kina tani nyingi ataona gunia moja zaidi haliwezi kuleta madhara.

Sasa tani ya nauli, inayowagombanisha watu na karani. Kanuni yake ni ya haki: mzigo hutozwa kwa tani moja ya uzito au kwa mita moja ya ujazo, ipi iliyo kubwa. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, na haijazi hata mita moja ya ujazo, kwa hiyo saruji hulipa kwa uzito. Magodoro hulipa kwa nafasi, kwa sababu yanaweza kujaza ngama nzima, yaani nafasi ya mizigo ndani ya meli, na meli isishuke majini hata kidogo. Gari liko upande wa magodoro. Toyota IST ina urefu wa mita 3.85, upana wa karibu 1.7 na kimo cha 1.53. Zidisha, utapata mita za ujazo kumi, yaani tani kumi za nauli, ilhali uzito wake ni kama tani moja. Ndiyo ile M3 inayoandikwa kwenye matangazo ya magari kutoka Japani. Vivuko vyetu vifupi vingi hutoza gari kwa aina yake au urefu wake, lakini hoja ni ileile: gari likishapanda, pale lilipo hapakai kitu kingine.

Basi ndugu zangu mnaoandika habari za meli mpya za visiwani, namba ya tani ikitajwa ulizeni ni tani za nini, kisha andikeni jibu palepale: "inabeba tani 400 za mizigo", au "ina uzito wa tani 3,500". Na wewe unayepeleka gari Mkoani kule Pemba au Kilindoni kule Mafia, kwanza muulize karani anatoza kwa aina, kwa urefu au kwa ujazo. Akisema ujazo, shusha keria ya juu ya paa kabla ya kupimiwa, maana kimo chake nacho kinahesabiwa.