Imani ya ubora wa utamaduni, na ilivyowapa Wazungu ruhusa ya kututawala

Ubora wa utamaduni ni ile imani kwamba jamii moja imezizidi nyingine kwa kila kitu, dini, sheria, mavazi, hata akili, na kwa hiyo ina haki ya kuzitawala. Wazungu wengi wa karne ya 19 waliwapanga binadamu kama ngazi: wao juu kabisa, Mwafrika chini.

Tuseme kweli, si imani hiyo peke yake iliyowaleta. Walifuata pembe za ndovu, ardhi na masoko, na kila taifa lilihofia kutanguliwa na mwenzake. Imani ilikuja kuondoa hatia. Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 haukuwa na mjumbe hata mmoja wa kuwasemea Waafrika, lakini mkataba wake unazungumzia kuinua hali ya wenyeji na kuwafikishia neema za ustaarabu. Julai 1885 mwanasiasa Jules Ferry aliliambia bunge la Ufaransa kwamba mataifa ya juu yana haki juu ya yale ya chini, kwa kuwa yana wajibu wa kuyastaarabisha. Mtu akishaamini hivyo, kupora nchi ya watu anakuona ni kuwatendea wema.

Huku Moshi, kilichoikanusha imani hiyo kilikuwa mbele ya macho yao. Chukua mfongo, mfereji wa Wachagga wa kumwagilia mashamba. Maji yanakingwa juu kwenye korongo la mto, yanapitishwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana (ukizidi yanabomoa kingo, ukipungua yanatuama), mpaka yafike kihambani, yaani kwenye shamba la familia, penye migomba. Hakuna pampu. Ugawaji ulikuwa na wazee wake na zamu zake, na mwizi wa maji alitozwa faini. Wageni wa Kizungu waliiona mifongo hiyo, wakaisifu kwa maandishi, na bado wakatuhesabu kuwa watu wa kustaarabishwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: hawakukosa kujua. Walijua, na hawakubadili msimamo.

Aliyekataa alionekana mkaidi anayestahili adhabu. Mwaka 1892 askari wa Meli, Mangi (chifu) wa Wachagga wa Moshi, waliwashinda Wajerumani pale Old Moshi, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wenzake, na inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Huko Berlin, mwanaanthropolojia Felix von Luschan alikusanya maelfu ya mafuvu, mengi yakitoka makoloni, na enzi hizo mafuvu yalipimwa ili binadamu wapangwe kwa madaraja. Imani ikavishwa joho la sayansi.

Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilioanisha machache kati ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin na familia zilizo hai hapa Kilimanjaro. La Meli halikupatikana. Familia zinadai watu wao warudishwe wazikwe kwao, na ni haki yao kupewa bila kubembeleza.