Kuotesha sakulenti kwa jani: maana yake na kinachotokea ndani ya jani

Kuotesha kwa jani ni kupata mmea mpya kutoka kwenye jani lililochomolewa, bila ua wala mbegu. Ni tawi moja la uzazi bila mbegu, uleule anaoutumia mkulima wa muhogo anapopanda pingili na mwenye migomba anapohamisha machipukizi. Mmea unaopatikana hivyo haujachanganya damu na mwingine, ni nakala ya mzazi wake.

Sakulenti ni mimea inayoweka akiba ya maji kwenye majani, shina au mizizi. Alovera ni sakulenti, na mnyaa wa kwenye uzio pia. Wauza maua wa mijini siku hizi wanapenda zile ndogo za vikopo: echeveria kutoka Mexico, kalanchoe kutoka Madagaska, Crassula ovata ya Afrika Kusini. Nyingi kati yake hufungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga mchana, ili jua lisizinyonye maji. Ndiyo maana jani lake likitenganishwa na shina halinyauki upesi. Lina maji na chakula cha kuliweka hai wiki nyingi, na katika muda huo linaweza kujitengenezea mizizi.

Akiba hiyohiyo ndiyo hatari yake. Jani lililochomolewa lina kidonda kibichi, na kidonda kibichi kikikutana na udongo uliolowa, kuvu na bakteria huingia moja kwa moja. Siku chache tu jani linakuwa laini, linaangaza kama limechemshwa, kisha linaoza. Kwa hiyo kazi yote ya kuotesha sakulenti inasimama juu ya jambo moja: kidonda kifunge kwanza, maji yaje baadaye. Ngozi kavu inayojitengeneza juu ya kidonda, yaani kigaga, ndiyo inayomlinda mtoto atakayezaliwa. Kwa jani dogo kigaga huchukua siku mbili hadi tano, mahali pakavu penye kivuli. Shina nene linaweza kuhitaji wiki nzima au zaidi. Wanaoishi pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, waongeze siku.

Namna ya kulichomoa jani ina uzito wake. Shika jani karibu na shina, litikise taratibu kushoto na kulia mpaka liachie zima na kitako chake. Usitumie kisu. Chembe hai (seli) zinazoweza kugeuka kuwa chipukizi ziko kwenye kitako, pale jani lilipokuwa limeshikana na shina. Jani la echeveria likikatikia katikati laweza kutoa mizizi, likakaa hivyohivyo miezi bila kuzaa kitu. Chagua majani ya chini, yaliyokomaa na kujaa.

Kigaga kikishakauka, lilaze jani juu ya udongo, usilizike. Changanya udongo wa kawaida na mchanga wa mto nusu kwa nusu. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Weka penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua la mchana. Baada ya wiki mbili hadi nne utaona mizizi myembamba, mara nyingi ya rangi ya waridi, ikitokeza kwenye kitako, na nyuma yake kichwa kidogo cha majani. Hapo ndipo nyunyiza maji kidogo upande wa mizizi, uache udongo ukauke kabla ya kurudia. Jani mama litaanza kusinyaa. Usilichomoe, linamnyonyesha mtoto. Litaachia lenyewe likishakauka.

Si kila sakulenti huota kwa jani, na hapa wengi hupoteza muda. Jani la alovera huoza tu hata ulitunze vipi. Alovera huzaa kwa maotea yanayochomoza ubavuni, na hayo ndiyo ya kuhamisha. Mnyaa huoteshwa kwa tawi, na utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaumiza vibaya, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kujigusa uso. Sansevieria, ile ya majani magumu yaliyosimama kama panga, huota kwa vipande vya jani lake refu, mradi upande uliokuwa chini ubaki chini. Ukikigeuza kipande hakitoi mizizi. Lakini ile yenye kingo za njano ikioteshwa kwa jani, watoto hutoka kijani kitupu. Rangi ya kingo imo kwenye tabaka la chembe za pembeni, na chipukizi jipya huanzia kwenye chembe za ndani ambazo hazina njano hiyo. Anayetaka kingo zibaki agawanye shina la chini ya udongo.

Uwezo wa uzazi bila mbegu unaonekana vizuri kwenye mkonge, ambao nao ni sakulenti, wa jamii ya agave. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo vya mkonge, yaani vichipukizi vinavyoota kwenye mlingoti wake wa maua, kutoka Florida, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Mkonge hutoa mbegu kwa nadra sana. Kutoka kwenye miche hiyo michache, kwa vikonyo na maotea, ndipo yalipoanzia mashamba makubwa ya Tanganyika. Nakala hubeba kila kitu cha mzazi, uzuri na udhaifu pia: ugonjwa unaoushinda mmea mmoja unaweza kuishinda yote. Kwa hiyo hata kwenye vikopo vya dirishani, usichukue jani kwenye mmea wenye madoa au wadudu.

Zipo kalanchoe zisizongoja mkono wa mtu. Kalanchoe daigremontiana huotesha watoto kwenye kingo za majani yake, tayari wana mizizi, nao hudondoka na kushika popote. Kwa kikopo ni raha kubwa kuitazama. Lakini ina sumu inayodhuru moyo wa ng'ombe na mbuzi, na huko Queensland, Australia, jamaa zake zimekuwa magugu sugu ya malishoni. Ukiipunguza, yakaushe majani yote mpaka yafe kabisa au yachome, wala usiyamwage nyuma ya nyumba mifugo inapopita.