Wanubi wa kale hawakuvaa ngozi ya chui tu

Hekanefer alikuwa mkuu wa Miam, katika Nubia ya Chini, zama za farao Tutankhamun. Amewahi kuonekana kwa sura mbili. Ya kwanza iko Thebes, Misri, ukutani mwa kaburi la Huy, ofisa aliyewekwa na farao kuitawala Nubia. Humo Hekanefer amepiga magoti pamoja na wakuu wenzake, ngozi ya chui mwilini, unyoya kichwani, hereni masikioni. Ya pili ilikuwa katika kaburi lake mwenyewe kule Toshka, ambalo William Kelly Simpson alilichimba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Humo ametengenezewa maziko ya bwana wa Kimisri hasa, na hata vile vijisanamu vya watumishi vya kuzikwa navyo vina jina lake kwa maandishi ya Kimisri. Mtu ni yule yule.

Ninaanza na Hekanefer kwa sababu mengi tunayoyaamini kuhusu mavazi ya Nubia yametoka kwenye ile picha ya kwanza.

Kabla sijaendelea, niondoe mkanganyiko mmoja unaowapata wasomaji wengi wa Kiswahili. Wanubi wa Kibera na wa Bombo ni jamii iliyoletwa Afrika Mashariki na jeshi, mwishoni mwa karne ya 19. Wazee wao walikuwa askari waliotoka katika makabila mbalimbali ya Sudan, hasa kusini, na Kinubi chao kimezaliwa na Kiarabu cha kambini. Nubia ninayoizungumzia hapa ni bonde la Nile kuanzia Aswan kushuka kusini hadi pande za Khartoum.

"Michoro ya Misri inatuonyesha walivyovaa"

Inatuonyesha walivyovaa siku ya kupeleka kodi, kwa macho ya mchoraji aliyelipwa na mpokeaji wa kodi. Manyoya na ngozi ya chui vilikuwepo kweli, sikatai. Ila mchoraji alihitaji Mnubi atambulike haraka, kwa hiyo alichagua vile vinavyomtofautisha na Mmisri. Hata hivyo ukuta wa Huy wenyewe unaponyoka mikononi mwake: katika msafara huo huo yumo binti mfalme wa Kinubi juu ya gari linalovutwa na ng'ombe, na wakuu kadhaa wamechanganya kitani cha Kimisri na mapambo ya kwao. Watu hao walikuwa na kabati lenye zaidi ya aina moja ya nguo.

"Walivaa ngozi kwa sababu hawakujua kufuma"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, maana anayeisema hajaiona ngozi yenyewe.

Mwaka 1902 Howard Carter alikuta Bonde la Wafalme sanduku la mbao lenye jina la Maiherpri, mtu wa ikulu ya farao wakati wa nasaba ya 18 ambaye wataalamu wengi wanamwona kuwa wa asili ya Nubia. Ndani mlikuwa na mawinda ya ngozi. Moja sasa liko kwenye jumba la makumbusho la sanaa, Boston. Limekatwa kwenye kipande kimoja cha ngozi laini ya swala. Fundi amelichanja mipasuo midogo midogo kwa safu, kila safu ikipishana na ya juu yake, hivi kwamba ngozi ikivutwa inafunguka kama wavu wa uzi mwembamba. Ameacha ukanda mzima kiunoni, na kipande kizima nyuma, pale mtu anapokalia, ili lisichakae. Kisu kikiteleza mara moja, kazi yote imeharibika. Lilivaliwa juu ya winda la kitani, kwa hiyo mvaaji alikuwa na nguo ya kufumwa pia. Aliichagua ngozi kwa sababu ilikuwa nzuri na inadumu.

Huko Hierakonpolis, kusini mwa Misri, kumechimbwa makaburi ya jamii ya Wanubi walioishi ugenini miaka kama 4,000 iliyopita. Yalikuwemo mavazi ya ngozi yaliyopambwa kwa shanga, na wanawake wenye tatuu za vitone vilivyopangwa kwa umbo. Na Kerma, mji mkuu wa kwanza wa Kush, ufalme wa Wanubi, wafu walilazwa juu ya kitanda au ngozi ya ng'ombe wakiwa na makubadhi yao. Baadhi walivaa kofia za ngozi zilizoshonewa vipande vya madini ya ulanga (mika) vilivyokatwa kwa umbo la twiga, ndege na wanyama wengine. Ulanga unang'aa. Hebu fikiria kofia hiyo juani.

"Nguo huoza, kwa hiyo yote ni kubahatisha"

Nyingi zimeoza, ndiyo. Lakini ile kofia ya Kerma inaweza kuoza yote na ulanga ukabaki umepangika kuzunguka fuvu, ukieleza ukubwa wake na mshono ulipopita. Shanga zikikutwa kwa safu nyongani, pale palikuwa na mshipi au sketi, hata kama uzi umeisha. Ndiyo maana mchimbaji makini anachora kila shanga mahali ilipo kabla ya kuigusa. Akizizoa zote na kuzitia bakulini, amelivua vazi lile mara ya pili, na safari hii halirudi. Kitambaa kilichogusana na shaba huacha alama ya nyuzi zake ndani ya kutu. Halafu kuna Qasr Ibrim, ngome iliyokuwa juu ya jabali kavu na leo ni kisiwa katika Ziwa Nasser: pale vipande vya vitambaa vimepatikana kwa maelfu.

"Pamba ililetwa na wageni"

Katika zama za Meroe, mji mkuu wa Kush wa baadaye, kuanzia karne za kwanza baada ya Kristo, pamba inaonekana kwa wingi makaburini, ikiwa na matamvua na nakshi za buluu. Chini ya hadubini, uzi wa Nubia kwa kawaida umesokotwa kwa mwelekeo wa herufi S, ilhali ule wa India unafuata Z. Uchunguzi wa DNA ya pamba ya kale ya Qasr Ibrim, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa ni *Gossypium herbaceum*, jamii ambayo ndugu zake wa porini bado wanaota kusini mwa Afrika. Na mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alipoivamia nchi ya Meroe katika karne ya 4, aliandika kwa kujisifu kwamba watu wake waliharibu akiba za nafaka na pamba na kuzitupa mtoni. Nguo ilikuwa mali ya kiasi hicho: adui akitaka kukuumiza, anaigusa pamba yako.

"Dhahabu nzuri hivi haiwezi kuwa yao"

Mwaka 1834 Giuseppe Ferlini, daktari kutoka Italia, aliibomoa piramidi ya malkia Amanishakheto kule Meroe akitafuta hazina, na akaipata: vikuku, pete, hirizi na mapambo ya dhahabu yaliyojazwa glasi ya rangi. Alipoipeleka Ulaya kuiuza, wengi walikataa kuamini kwamba kazi ya namna ile imetoka ndani ya Afrika. Ilikuwa imetoka huko. Kwenye kuta za vijumba vya ibada vilivyo mbele ya piramidi za Meroe, malkia wa Kush wamechongwa wakiwa wamejipamba kwa mapambo ya aina hiyo hiyo, mabegani, mikononi na shingoni. Leo hazina hiyo imegawanyika kati ya Berlin na Munich. Nayo Makumbusho ya Taifa ya Sudan, Khartoum, imeporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Inauma kuandika sentensi hizo mbili pamoja.

George Reisner naye, alipochimba Kerma kati ya 1913 na 1916, aliona utajiri wa makaburi makubwa akasema ni ya magavana wa Kimisri. Yalikuwa ya wafalme wa Kush.

Wapo pia wanaodhani mapambo yalikuwa ya wanawake. Wafalme wa Kush walivaa hereni, na shingoni walining'iniza vichwa vya kondoo dume, mnyama wa mungu Amun.

"Ukristo ulifuta kila kitu"

Mwaka 1964, pale pale Qasr Ibrim, ulipatikana mwili wa askofu Timotheos wa karne ya 14, akiwa amezikwa na nguo zake, suruali pana na joho, pamoja na hati ndefu mbili za kumtambulisha, moja ya Kikoptiki na moja ya Kiarabu. Ukutani mwa kanisa kuu la Faras, huko huko Nubia, askofu Petros alichorwa kwa ngozi yake nyeusi ndani ya mavazi mazito ya ibada.

Na pambo jingine halikuvaliwa kabisa. Karibu na maporomoko ya nne ya Nile, ulipatikana mwili wa mwanamke aliyeishi karibu mwaka 700, uliokaushwa na jangwa. Ndani ya paja lake, mahali ambapo nguo ingefunika, ana tatuu: herufi za Kigiriki zilizofumwa pamoja, zinazosomeka Mikaeli.