Kiima katika sentensi ya Kiingereza

Kila Januari darasa langu la tuisheni hapa Chang'ombe, Dodoma, hujaa watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa wako kidato cha kwanza, ambako karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Madaftari ya wiki ya kwanza huwa na makosa mawili yanayojirudia. Mmoja ameandika "Is very hot today." Mwingine: "My mother she is selling grapes." Sentensi ya kwanza imepungukiwa, ya pili imezidisha, na chanzo ni kilekile: kiima.

Kiima ni sehemu ya sentensi inayomtaja mtendaji au yule anayezungumziwa. Kinachobaki, kuanzia kwenye kitenzi, ni kiarifu. Kiima si lazima kiwe neno moja. Katika "The women selling grapes near the bus stand know me", kiima ni maneno manane, yanaishia kwenye "stand". Lakini bosi wao ni "women", ndiyo maana tunaandika "know", si "knows". (Zabibu hapa kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hazikauki kwenye mifano yangu.)

Kiswahili humbeba mtendaji ndani ya kitenzi. Ukisema "anauza", ile "a-" imeshamtaja. Kitenzi cha Kiingereza hakina mbeleko hiyo, kwa hiyo mtendaji lazima asimame peke yake nje: "She is selling." Sasa mtoto akitafsiri "Mama anauza", anamwandika mama, halafu anaona ile "a-" nayo isiachwe, ndipo "she" anapoingia. Akishatajwa "mother", "she" hana kazi.

Kwenye joto hali ni tofauti. "Kuna joto leo": nani anatenda? Hakuna. Kiingereza hakikubali kiti cha kiima kibaki wazi, kwa hiyo kinaweka "it": "It is very hot today." Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Ticha, hiyo 'it' ni nani?" Nikamwambia ni kama mkoba uliowekwa kwenye siti ya daladala. Hakuna aliyekaa, ila siti imeshikwa. Ndivyo ilivyo kwa mvua pia. Wengi huandika "The rain is raining", wakati mvua imeshasemwa na kitenzi chenyewe: "It is raining." Na "kuna" ya vitu huwa "there", ila kitenzi kinafuata kile kilichopo: "There are grapes in the bucket."

Kwenye swali kiima kinahama. Sisi tunapandisha sauti tu, "Mama anauza zabibu?" Kiingereza kinakitanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya kiima: "Is she selling grapes?" Kama hakuna kisaidizi, anaazimwa "do". "She sells grapes" inakuwa "Does she sell grapes?" Ile "s" imeshahamia kwenye "does". Ukiiacha na kwenye "sell" umelipa nauli mara mbili.

Sentensi ya amri ndiyo pekee inayoruhusu kiima kijifiche kabisa: "Sit down." Anayeambiwa ni "you", anaeleweka. Sisi tuna "kaa" na "kaeni". Kiingereza kinamwambia mmoja na watu arobaini kwa maneno yaleyale. Za mshangao, kama "How sweet these grapes are!", kiima kinabaki mbele ya kitenzi, hazinisumbui sana.

Zinazonisumbua ni sentensi ndefu. Kwenye ambatano, yaani sentensi mbili zinazojitegemea zilizounganishwa, kiima kikiwa kilekile, cha pili unaweza kukiacha: "She washed the grapes and sold them." Kwenye changamano, ambako sehemu moja inaitegemea nyingine, huwezi. "He ran because was late" nimeipigia mstari mwekundu mara nyingi kuliko kosa lolote lingine: baada ya "because" panahitajika "he" mwingine, hata kama ni yuleyule aliyekimbia.